Kasri la Hasdeu huko Câmpina: je, ramani ilitoka kwa marehemu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Bucharest kimasomo. Wenzangu chuoni wananiambia mji wa Câmpina una kasri ambalo baba mmoja alimjengea binti yake aliyekufa, na kwamba ramani ya kasri aliletewa na roho ya huyo binti. Ni kweli au porojo? Na nikienda nitazame nini, maana Kiromania changu bado cha kubabaisha?

JIBU: Marahaba. Ulichosimuliwa kina ukweli kuliko porojo, ila kimefupishwa vibaya. Kasri lipo, kwenye barabara kuu ya Carol I mjini Câmpina, na kwa sasa ni makumbusho. Lilijengwa kati ya 1893 na 1896 na Bogdan Petriceicu Hasdeu kwa kumbukumbu ya mtoto wake wa pekee, Iulia, aliyefariki 1888 kabla hajatimiza miaka 19. Habari ya ramani kuletwa na roho hakusingiziwa na majirani wala waongoza watalii. Aliisema mwenyewe, kwa maandishi, na hakuionea haya.

Ushauri wangu ni mmoja: usiende kutafuta mzimu. Wanaokwenda kwa ajili hiyo hutoka baada ya dakika ishirini wamenuna. Nenda kusoma jengo, kwa sababu Hasdeu alilijenga kama alivyokuwa akiandika, kila kipande kikiwa na maana yake, na ukijua maana hizo huhitaji Kiromania kingi.

Kwanza umjue mjenzi. Hasdeu alizaliwa 1838 huko Bessarabia, eneo lililokuwa wakati huo chini ya Urusi. Alikuwa mwanahistoria, mtaalamu wa lugha, mwandishi wa tamthilia, mwanachama wa Akademia ya Romania, na kuanzia 1876 hadi 1900 mkurugenzi wa Nyaraka za Taifa. Mfalme Carol I ndiye aliyetaka iandikwe kamusi kubwa ya kihistoria ya Kiromania, na kazi hiyo ikawa ya Hasdeu. Juzuu zilianza kutoka 1886, zikakoma 1898 akiwa bado kwenye herufi B. Kumbuka hilo utakapokuwa umesimama mbele ya kasri: mtu aliyeshindwa kuvuka herufi B katika kazi ya taifa aliweza kuinua jengo la mawe kwa miaka mitatu. Kwangu mimi hiyo ni dalili tosha ya mahali roho yake ilikokuwa.

Iulia naye hakuwa mtoto wa kawaida. Alizaliwa Bucharest 1869. Akiwa na miaka 11 alikuwa amekwisha kufaulu mitihani ya chuo cha Sfântul Sava, ambacho wavulana wengi walikimaliza wakiwa wameanza kuota ndevu. Mwaka 1881 mama yake alimpeleka Paris, akasoma Collège Sévigné, na 1886 akaingia Sorbonne. Huhesabiwa kuwa Mromania wa kwanza wa kike kusoma hapo. Aliandika mashairi kwa Kifaransa kwa jina la kupanga, Camille Armand, na alikuwa akijiandaa kuandika tasnifu ya udaktari juu ya falsafa ya watu wa kawaida wa Romania. Kisha kifua kikuu kikamshika. Robert Koch alikuwa ametangaza kimelea cha ugonjwa huo 1882, lakini dawa ya kukiua ilichelewa hadi miaka ya 1940. Akarudishwa nyumbani, akafia Bucharest tarehe 29 Septemba 1888. Baba yake alikusanya maandishi aliyoyaacha na kuyachapisha katika juzuu tatu kuanzia 1889.

Sasa tuje kwenye roho. Hasdeu anaeleza kwamba ilikuwa Machi 1889, miezi sita baada ya msiba. Jioni ilikuwa ya unyevu na mawingu, naye alikaa peke yake mezani, mbele yake karatasi na kalamu za risasi kama kawaida yake. Mkono ukashika kalamu, ukaanza kwenda wenyewe kwa haraka, kwa muda usiozidi dakika tano. Uliposimama akasoma maneno ya Kifaransa, kwa mwandiko aliousema ni wa binti yake: nina furaha, nakupenda, tutaonana tena, hilo likutoshe. Chini yake sahihi, Julie Hasdeu. Kuanzia hapo aliandika namna hiyo mara kwa mara, akafanya vikao vya kuita roho pamoja na marafiki, akahifadhi karatasi zake kwa nidhamu ya mtu wa nyaraka. Nyingi zimebaki na zimechapishwa. Mwaka 1892 alitoa kitabu cha kutetea imani yake, *Sic Cogito*.

Ukidhani alikuwa kichaa wa peke yake, utakosea. Imani ya kuzungumza na wafu, yaani spiritisimu, ilikuwa imeenea Ufaransa tangu mwasisi wake Allan Kardec atoe kitabu chake 1857, na kabla ya hapo mwandishi Victor Hugo, aliyempoteza binti yake Léopoldine kwa kuzama mtoni Seine 1843, alikaa kwenye meza za mizimu kisiwani Jersey. Marekani nako, Leland na Jane Stanford walipofiwa na mtoto wao wa pekee 1884 walianzisha chuo kikuu kwa jina lake. Wazazi wenye uwezo wa karne ile walijenga. Tofauti ya Hasdeu ni kwamba alisema marehemu mwenyewe ndiye mchoraji.

Michoro ilitoka kwa njia ileile ya mkono uliojiendesha. Huna haja ya kuamua kama unaamini ili uelewe jengo. Mkono ulioshika kalamu ni wa Hasdeu, na kilichotoka kinafanana na maktaba ya Hasdeu: Kilatini, Galileo, Pythagoras, nembo ya ukoo, hesabu za 3 na 7. Mimi naona humo akili ya mwanazuoni aliyefiwa kuliko akili ya msichana wa miaka 18, lakini hayo ni maoni, na aliyejenga hangekubaliana nami.

Ukifika, usikimbilie mlangoni. Simama mbali kidogo uone umbo zima. Minara ni mitatu: wa kati mnene na mkubwa, miwili ya pembeni midogo, na juu yake kuna meno ya ngome. Meno hayo ni ya pambo. Hakuna handaki, hakuna tundu la kurushia mishale lenye kazi, na kuta hazikukusudiwa kuzuia mzinga. Kinachoitwa kasri hapa ni nyumba ya kuishi na hekalu la faragha vilivyovikwa vazi la ngome. Nalisisitiza hilo kwa sababu watu wengi hufika wakitokea Peleș, kasri la mfalme pale Sinaia lenye vyumba takriban 160, wakiwa na matarajio ya dhahabu na zulia. Hasdeu ana vyumba vichache, na saa moja inakutosha kuvipitia kwa utulivu.

Mlango ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndipo pa kutumia muda. Pande mbili kuna viti vya enzi vya mawe. Utaona sanamu za sfinksi (simba mwenye kichwa cha mtu), jicho linaloona yote, na nembo ya ukoo na kauli yake ya Kilatini, *Pro fide et patria*, yaani kwa ajili ya imani na nchi. Na juu kuna maneno ya Kiitaliano ambayo mapokeo humpa Galileo baada ya kulazimishwa kukana kwamba dunia inazunguka: *E pur si muove*, hata hivyo inakwenda. Sasa tazama ubao wa mlango wenyewe. Ni jiwe, na unazunguka juu ya mhimili. Hasdeu amekuandikia juu ya kitu kizito kisichotazamiwa kusogea kwamba kinasogea, na papo hapo amemaanisha jambo jingine, kwamba mliyemzika hakutulia mlipomweka. Mzaha na itikadi katika sentensi moja, mahali ambapo hakuna mgeni anayeweza kupita bila kuusoma.

Kiufundi pia si mchezo. Mlango wa jiwe ukiufunga kwa bawaba za ubavuni, uzito wote huning'inia upande mmoja, huvuta mwimo, na baada ya muda bawaba hupinda au ukuta hukatika. Ukiuweka kwenye mhimili wa wima, uzito hushuka moja kwa moja chini hadi kwenye kitako, na mkono unachoshindana nacho ni msuguano tu. Sharti ni mhimili usimame wima kabisa. Msingi ukititia hata kidogo, jiwe huinama na kuanza kukwaruza kizingiti, na mchanga ukiingia kwenye kitako hula chuma polepole. Kwa hiyo mlango wa namna hii usiusukume bila ruhusa ya mhudumu, hata kama unaona unakwenda.

Ndani, tafuta vioo viwili vinavyotazamana. Ukisimama kati yake utajiona ukirudiwa mpaka mbali. Kila mgeni hupiga picha hapo na wengi hukosea kwa kusimama katikati hasa, ambapo kichwa chako kinaziba safu yote ya nyuma. Sogea hatua nusu pembeni, utaona foleni nzima. Angalia pia jinsi taswira zinavyofifia. Kioo cha fedha cha kawaida hurudisha karibu sehemu 9 kati ya 10 za mwanga, hivyo baada ya kurukaruka mara 7 unabakiwa na chini ya nusu, na chembe za chuma ndani ya kioo huvuta rangi kuelekea kijani. Safu ikipinda upande mmoja, ujue vioo haviko sambamba sawasawa. Kosa dogo la pembe huongezeka kila mwanga unaporudi. Kwa Hasdeu hiyo ilikuwa picha ya uhai mmoja kuendelea katika uhai mwingine. Hakuhitaji kueleza zaidi, na wewe pia huhitaji mkalimani.

Mnara wa kati ndio hekalu. Humo, juu chini ya kuba, kuna sanamu ya Kristo yenye ukubwa wa mtu mzima, iliyoagizwa Paris. Inua kichwa, kaa kidogo. Ukumbuke kwamba Romania ni nchi ya Kiorthodoksi, na katika makanisa ya Kiorthodoksi utakuta picha takatifu zilizochorwa ukutani na kwenye mbao, si sanamu za kuzungukwa. Kristo wa aina hii ni mgeni pale. Anatoka upande wa Paris, mji ambao Iulia alisomea na ambao spiritisimu ya Hasdeu ilitokea. Kuna wageni wanaoona sanamu hiyo wakahitimisha kwamba mwenye nyumba alikuwa Mkristo wa kawaida, na wapo wanaosikia habari za vikao wakahitimisha kwamba alikuwa mpinga dini. Yeye aliona hakuna mgongano: aliyefufuka ndiye ushahidi wake wa kwanza.

Chumba cha vikao ni kidogo na cha giza. Sitakieleza kwa urefu, maana ndicho waongoza watalii wanachokiuza, na bila watu na meza ni chumba tu. Kwenye kabati za makumbusho ndiko kwenye mali: maandishi ya Iulia, picha za familia, vitabu. Fahamu tu kwamba samani nyingi za awali zilipotea, kwa hiyo usichukulie kila kiti kuwa Iulia alikalia. Kwanza Iulia hakuwahi kukanyaga hapa. Alikufa miaka mitano kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Walioishi humu ni Hasdeu na mkewe. Mke alifariki 1902, yeye akabaki, akafia hapa Câmpina Agosti 1907.

Jambo la hesabu. Utaambiwa uhesabu 3 na 7 kila mahali, kwenye minara, kwenye ngazi, kwenye madirisha. Hasdeu alizipenda namba hizo kweli, na minara mitatu haina ubishi. Ila jengo limekarabatiwa zaidi ya mara moja, na vidato au vioo vya dirisha vilivyorudishwa na fundi wa karne ya ishirini haviwezi kukupa siri ya mtu wa 1896. Hesabu kwa raha, usijengee nadharia.

Kwa nini limekarabatiwa sana? Kwanza, baada ya Hasdeu kufa halikuwa na mtoto wa kulirithi na kulitunza. Pili, vita. Majeshi ya Ujerumani na washirika wake yaliingia eneo hili mwishoni mwa 1916, na Câmpina, mji wa mafuta wenye kiwanda kikubwa cha kusafisha petroli, haukuwa mahali pa kupuuzwa na jeshi lolote. Wanajeshi wakilala ndani ya nyumba, samani huwa kuni. Tatu, matetemeko. Romania hutikiswa na eneo la Vrancea, ambako miamba huvunjika kina cha kilomita 60 hadi 180 hivi chini ya ardhi, na kwa kuwa chanzo kiko chini sana, mtikisiko husambaa mbali. Tetemeko la Novemba 1940 na la tarehe 4 Machi 1977 yalifika huku yakiwa na nguvu, na lile la 1977 liliua watu zaidi ya 1,500 nchini, wengi wao Bucharest.

Jengo la mawe lisilo na nondo, lenye minara ya urefu tofauti, lina udhaifu unaoweza kuutabiri kabla hujaliona. Mnara mnene na mnara mwembamba haviyumbi kwa mwendo mmoja. Kimoja kinapokwenda kulia kingine kimekwisha kurudi. Basi ufa huanzia pale vinapoungana, na juu kwenye meno ya ngome mawe hulegea kwa sababu hayana uzito wa kuyabana. Baada ya hapo maji hufanya kazi iliyobaki. Mvua huingia kwenye ufa, majira ya baridi huganda, na maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Miaka michache ya hivyo inatosha kuubandua mshono wa chokaa. Fundi akija na saruji ngumu akaziba juujuu, huwa ameharibu zaidi, kwani saruji haipitishi unyevu. Maji hufungiwa ndani na jiwe laini ndilo linalobomoka badala ya mshono. Ukuta wa zamani wa chokaa hutibiwa kwa chokaa. Ukizunguka nje, tazama maungio ya minara na mstari wa chini karibu na ardhi. Ndipo ukuta unapozungumza. Makumbusho yalifunguliwa kwa umma 1994.

Mambo mawili yatakuchanganya kwenye maelezo. La kwanza ni tarehe. Romania ilitumia kalenda ya kale ya Juliani hadi 1919, nayo katika karne ya 19 ilikuwa nyuma kwa siku 12. Ndiyo maana utaona kifo cha Iulia kimeandikwa 17 Septemba mahali pamoja na 29 Septemba mahali pengine, na kuzaliwa kwake 2 au 14 Novemba. Hakuna aliyekosea. La pili ni majina: mama naye aliitwa Iulia, kwa nasaba yake Faliciu. Picha iliyoandikwa Iulia Hasdeu yenye mama wa makamo si binti aliyezeeka mbinguni, kama mtandao mmoja ulivyopata kudai.

Kuhusu kinanda kinachosikika usiku na msichana anayeonekana ukumbini, sina la kukuongezea. Hadithi hizo hazimo katika maandishi ya Hasdeu kwa sura hiyo, na zinasaidia kuuza tiketi.

Safari sasa. Câmpina iko kiasi cha kilomita 90 kaskazini mwa Bucharest, baada ya Ploiești, kwenye barabara ya DN1 na reli ya kwenda Brașov. Panda treni Gara de Nord, lakini uhakikishe kwenye ratiba kwamba treni yako inasimama Câmpina, kwa sababu si zote za Brașov zinazosimama. Kituo kiko chini bondeni mwa mto Prahova, na mji uko juu, kwa hiyo usipange kutembea na begi. Chukua teksi au basi dogo hadi Bulevardul Carol I. Usiende Jumatatu, siku ambayo makumbusho mengi ya Romania hufungwa, na upige simu kabla ya kutoka, maana majengo ya kale hufungwa kwa ukarabati bila kukuuliza. Uliza pia ada ya kupiga picha, mara nyingi hutozwa mbali na kiingilio. Muda ukibaki, barabara hiyohiyo kuna nyumba ya makumbusho ya mchoraji Nicolae Grigorescu, aliyeishi Câmpina na kufariki hapo mwaka uleule wa 1907, mwezi mmoja kabla ya Hasdeu.

Na kwa kuwa uko Bucharest, kuna sehemu ya pili ya habari hii ambayo wenzako hawakukutajia. Kasri si kaburi. Iulia amezikwa katika makaburi ya Bellu, kusini mwa jiji, pamoja na baba na mama yake. Teremka kituo cha metro cha Eroii Revoluției, njia ya M2, makaburi yako karibu. Kaburi hilo nalo Hasdeu alilibuni kwa imani ileile, na ndilo alilolifanya kabla ya kasri. Ningekuwa wewe ningeanza hapo, Jumamosi asubuhi, kisha Câmpina siku nyingine yenye jua, kwa sababu chini ya kuba kukiwa na mawingu huoni kitu.